Mwiko, Maharage na Dalsima

Wiki ya pili ya Januari, uzi mnene wa dalsima yangu ulianza kukoroma. Niliugusa kama kawaida, sauti yake ikatoka nzito, na nyuma yake ikafuata nyingine nyembamba, kama nyuki aliyefunikwa kwa glasi. Nikauzuia uzi kwa kidole, nyuki akanyamaza. Nikaupiga tena, nyuki huyo. Mume wangu alikuwa amelala chumbani, maana kazi yake ni ya usiku. Mama mkwe alikuwa jikoni akiosha maharage. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka minne, alikuwa chini ya meza na magari yake, na mabinti wawili wakubwa walikuwa shuleni. Nyumba nzima ilikuwa shwari isipokuwa ule uzi.

Ilinichukua majuma matatu kumpata nyuki yule. Ndani ya majuma hayo nilibadilisha nyuzi mara mbili, ubao wa juu wa dalsima ulipasuka, na mwiko wa mama mkwe, uliovuka bahari pamoja naye, ulikatwa mpini. Nikisimulia habari hii kwa wenzangu wa kanisani huniuliza kwa nini sikuachana na kile kinanda. Nitaeleza.

Tunaishi Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Ukipanda basi hapa unaweza kusikia Kiswahili kabla hujashuka, kwa kuwa familia nyingi za Kikongo na Kirundi zimeletwa huku kutoka kambi za wakimbizi. Mimi nilikulia Nyarugusu. Mume wangu na mama yake walitoka Mtabila, kambi ya wilaya hiyohiyo ya Kasulu. Mama mkwe alikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa msichana, akaishi Kongo mpaka vita ya 1996 ikamvusha ziwa kuingia Tanzania. Alipokuja Marekani mwaka 2008 alikuwa na mabegi mawili, na katika begi moja, ndani ya kitenge, kulikuwa na mwiko wa mninga.

Mimi huhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa kwa saa zake. Dalsima nilikutana nayo huko kazini. Bibi mmoja niliyemhudumia alizaliwa milimani, upande wa mashariki wa jimbo, na kila alasiri akishakunywa chai yake aliniomba nimteremshie kinanda kilichoning'inia ukutani. Ni kisanduku cha mbao, kirefu na chembamba, kinachozidi kidogo urefu wa mkono wa mtu mzima, chenye kiuno katikati na matundu manne yaliyochongwa kwa umbo la moyo. Nyuzi ni tatu. Hakishikwi kifuani kama gitaa. Kinalazwa mapajani, mchezaji ameketi, kama mama aliyempakata mtoto anayetaka kumbadilisha nguo. Mkono wa kushoto ulishika kijiti, wa kulia ulishika unyoya mgumu wa bata bukini, na bibi yule, ambaye vidole vyake havikuweza tena kufunga kifungo cha blauzi, alipiga wimbo mzima bila kukosea.

Aliniambia mambo mengi, nami nilikuja kuyasoma baadaye nikakuta ndivyo. Wahamiaji wa Kijerumani walifika Pennsylvania na kinanda kilichoitwa scheitholt, kisanduku cha mbao kilichonyooka tu. Watu waliposhuka kwa bonde la Shenandoah na kuingia milima ya Appalachia, kile kinanda kikapata mwili mpana na kiuno, na Waskoti na Waayalandi waliokuwa wakiishi milimani wakakipigia nyimbo zao. Katika kaunti ya Knott alikuwepo fundi aliyeitwa James Edward Thomas. Alianza kutengeneza dalsima mwaka 1871, akaendelea hadi miaka ya 1930, akizitia namba na kuzitembeza kwa mkokoteni kutoka mji mmoja hadi mwingine. Alitengeneza zaidi ya elfu moja. Umbo lile la kiuno alilopenda ndilo hadi leo linaitwa umbo la Kentucky, na mwaka 2001 jimbo liliitangaza dalsima kuwa ala yake rasmi ya muziki.

Lakini kilichonikamata hakikuwa historia. Nyuzi mbili kati ya zile tatu hazibonyezwi kabisa. Kijiti kinatembea juu ya uzi mmoja tu, ule ulio karibu na tumbo la mchezaji, na huo ndio unaobeba wimbo. Zile mbili hupigwa wazi, sauti ileile moja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, zikivuma chini kama watu wazima wanaozungumza chumba cha pili wakati mtoto anasinzia. Wimbo unaweza kupanda, kushuka, kutangatanga utakavyo. Mvumo uko palepale. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi nikajikuta nimekaa chini.

Bibi yule alihamia kwa binti yake huko Ohio mwezi Agosti. Oktoba, Jumamosi moja, mtaa wa pili kutoka kwetu watu walitandaza uani vitu vyao vya ndani wakiviuza, na kati ya taa ya meza na sanduku la sahani nikaona shingo ya mbao imechomoza kwenye foronya. Dola 40. Mwili wa mjozi, vigingi vya mbao, nyuzi mbili zikiwa na kutu na wa tatu haupo. Nilikuwa nimetoka kununua maziwa. Nilirudi na dalsima.

Sasa, mwalimu sikuwa naye, na kosa la kwanza lilitokana na simu. Kwa mtu anayeanza, uzi mnene hutiwa sauti ya D, na nyuzi mbili nyembamba zote hutiwa A. Nilipakua programu ya kupimia sauti, nikafunga nyuzi mpya, zile za banjo zenye kitanzi mwishoni, nikaanza kukaza kigingi huku nikitazama skrini. Skrini iliandika G. Nikakaza. Ikaandika G yenye alama, nikakaza tena kwa furaha. Sikujua kwamba A ya chini nilikuwa nimeshaipita zamani na nilikuwa naipandia A ya juu yake, ambayo uzi wa milimita 0.3 hauwezi kuifikia kwa urefu ule. Ulikatika kwa mlio kama fimbo, ukanichapa kifundo cha mkono ukaacha mstari mwekundu, na kipande kikarukia bakuli la matembele. Mama mkwe alikitoa kwa ncha za vidole, akakiweka pembeni ya sahani, akasema, "Mwanangu, hiki kitu kina hasira."

Njia ya uhakika, kama nilivyojifunza baadaye, haihitaji simu zaidi ya mara moja. Unautia uzi mnene D yake kwanza. Kisha unaubonyeza huohuo kwenye freti ya nne, kile kipande cha nne cha waya kilicholala chini ya nyuzi, unausikiliza, na nyuzi nyembamba unazipandisha polepole kutoka chini hadi ziseme neno hilohilo. Masikio yanajua. Nyuzi mbili zinapokaribiana bila kufikana, husikika kama zinatikiswa, wa-wa-wa, na mtikiso huo hupungua kasi kadiri unavyokaribia, hadi unatoweka na chumba kinatulia. Binti yangu wa pili, wa miaka tisa, alikuwa akiusikia utulivu huo kabla yangu. Alikuwa anainua mkono tu.

Kosa la pili nililifanya kwa nia njema kabisa. Nilikuwa nimesoma habari za Jean Ritchie, mwimbaji aliyezaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Viper, Kentucky, mtoto wa mwisho kati ya 14. Baba yake alikuwa na dalsima na aliwakataza watoto wasiiguse. Yeye akiwa na miaka kama mitano alikuwa akiichukua kwa siri na kujitafutia nyimbo, na alipokua akaipeleka dalsima New York na sehemu nyingine za dunia, na mwaka 1963 akaandika kitabu cha kuifundisha. Nami nikaona, ikiwa mzee Ritchie mwenye watoto 14 aliilinda yake kwa marufuku, mimi mwenye mmoja mtundu nitailinda kwa msumari. Nikaitundika juu ukutani, mahali pasipofikiwa na mtu mfupi. Mahali hapo palikuwa juu ya tundu la hewa ya moto.

Mwezi wa Desemba tukaanza kuwasha hita mchana na usiku. Mama mkwe hapendi baridi, na nani atamlaumu? Kila asubuhi niliikuta dalsima imelegea yote. Vigingi vilikuwa vimejizungusha vyenyewe, nyuzi zinaning'inia. Nikavikaza, kufika mchana vimerudi. Nilidhani vimelika kwa uzee. Nikavipaka chaki ya shule ya watoto, dawa ya kale ya vigingi vinavyoteleza, ikasaidia siku mbili.

Wakati huohuo vifuniko vya nyumba yetu vilikuwa vinaisha. Unyoya wa bata bukini sikuwa nao, na kile cha kukwarua nyuzi hakitakiwi kiwe kigumu. Kikiwa kigumu kinanguruma. Plastiki ya kifuniko cha mtindi, ikikatwa umbo la jani refu, inalingana karibu kabisa na unyoya. Lakini inachakaa. Nilikata cha mtindi, nikakata cha siagi, nikakata cha lile bakuli kubwa ambalo mama mkwe huwekea unga wa muhogo. Siku aliyokuta unga umefunikwa na sahani aliniuliza kwa upole kama na sufuria nazo zitafuata. Nilimwomba radhi, nikanunua bakuli jipya lenye kifuniko, na tangu hapo nimekuwa nikiosha vifuniko vya mtindi peke yake na kuvitia kwenye mfuko wangu.

Katika kipindi hicho ndipo maharage yalipoingia. Ilikuwa Jumapili, siku tatu kabla ya Krismasi. Dalsima ilikuwa mezani kwa ajili ya chaki, na mezani hapohapo mama mkwe alikuwa amemwaga maharage ya njano anayachagua. Akaenda kupokea simu kutoka Bujumbura. Aliporudi, kitinda mimba alikuwa amepiga magoti juu ya kiti na anaangusha harage moja moja ndani ya tundu la moyo, kwa utulivu na heshima, akiinamisha sikio kusikia kila moja linapotua. Nilipomuuliza anafanya nini akasema anakilisha. Nikageuza dalsima kifudifudi, nikaitikisa kama kibuyu, yakatoka. Tukayahesabu sita, tukayarudisha kwenye ungo.

"Saba," mtoto akasema.

Wiki zile ndiyo alikuwa anajifunza kuhesabu na kila kitu kilikuwa saba. Ngazi za mlangoni saba, viatu vya baba saba, dada zake saba. Nikambusu kichwani nikamwambia ni sita.

Basi Januari nyuki akaanza. Nilipekua kila kitu. Nilikaza skrubu, nikakandamiza vipande vya waya vya freti kwa kidole kimoja kimoja, nikavua nyuzi nikaweka nyingine. Nilitia karatasi nyembamba chini ya uzi mnene pale unapopumzika kwenye kizingiti cha mfupa, na kwa nusu saa nikadhani nimepona. Nilichunguza nje ya kinanda kama anayetafuta chawa. Ndani sikuangalia, kwani ndani, kwa akili yangu, kulikuwa kumekwisha.

Na kijiti nacho kilikuwa tatizo. Nilikuwa natumia penseli. Penseli ina rangi, rangi inabaki kwenye uzi, na mti wake ni laini: baada ya wiki uzi umechimba mfereji, kijiti kinakwama safarini na wimbo unakwama nacho. Nikajaribu kijiti cha kulia tambi, chembamba mno. Nilimlalamikia mume wangu kwamba nahitaji mti mgumu, laini kwa nje, urefu wa kidole cha kati na kidogo zaidi. Nililalamika tu, kama mtu anavyolalamikia mvua.

Yeye alisikia zaidi ya nilivyosema. Asubuhi moja aliporudi kazini, sote tumelala, alifungua droo ya jikoni akaona mwiko mzee ulioungua ukingo na wenye ufa kichwani. Alijua kuwa mwiko wa mama yake hukaa begini ndani ya kitenge. Huu basi ni ule wa dukani, wa kutupwa. Alikata mpini wake sentimita kumi, akaupiga msasa mpaka ukang'aa, akaukalisha kwenye mto karibu na kichwa changu, akalala. Hakujua kwamba siku ya Krismasi mama yake aliutoa mwiko kwenye kitenge ili asonge ugali wa sikukuu kwa chombo chake mwenyewe, na kwamba baadaye aliona hakuna sababu ya kuurudisha gizani.

Katika Kiswahili neno ni moja, mwiko wa kusongea na mwiko wa kukatazwa, na siku ile nililisikia neno hilo kwa maana zake zote mbili. Mama mkwe alifungua droo, akausimamisha mkononi mwiko uliobaki na shina fupi. Hakupiga kelele. Mchana alisonga ugali kwa huohuo, mkono wake karibu kabisa na mvuke, na kila alipogeuza niliona vidole vinakunjamana kwa moto. Nilitaka kumpokea, akatikisa kichwa. Mume wangu alipoamka na kuambiwa, alikaa sakafuni mbele ya kiti cha mama yake, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, akamwomba msamaha. Alisema atauunga kwa gundi na misumari ya mbao.

"Usiunge," mama akasema. "Utanivunjikia ndani ya sufuria."

Siku mbili hakuzungumza zaidi ya lazima. Mimi sikugusa dalsima. Kile kijiti nilikifunga kwenye leso nikakiweka juu ya kabati, na sikujua kama kukirudisha kwake ni heshima au ni kumchoma mara ya pili.

Siku ya tatu, jioni, aliniuliza, "Kile kipande kiko wapi?" Nikamletea. Alikinusa. Akakipitisha kidole gumba, upande mmoja, upande wa pili, akanirudishia. "Haya. Kipige tukisikie." Nikatoa dalsima nikiwa na wasiwasi, nikapiga wimbo wa kubembeleza watoto ambao mama yangu alituimbia Nyarugusu, huku nyuki akikoroma nyuma. Kijiti cha mninga kilikwenda juu ya uzi kama kilichopakwa mafuta. Sikuwahi kusikia uzi ule ukisema vile. Nilipomaliza mama mkwe alikuwa anatazama mkono wangu wa kulia.

"Mbona unaipiga kama unagombana nayo?"

Ndipo akatusimulia. Ndugu mkubwa wa baba yake, huko Burundi, alikuwa mpigaji wa inanga. Inanga nayo ni ubao uliochimbwa kama karai jembamba, na juu yake unapita uzi mmoja mrefu wa mishipa ya ng'ombe, unaokwenda na kurudi kwenye meno ya mbao hadi unakuwa nyuzi nane au zaidi. Sauti yake ni ndogo. Mpigaji haimbi kwa koo. Ananong'ona, na mnong'ono na nyuzi huingiana hata msikilizaji asijue neno limetoka wapi. Watu waliokaa kuizunguka walinyamaza, na si kwa kulazimishwa. Anayepiga kwa nguvu, alisema, anajisikia mwenyewe. Kisha akainuka, akazima televisheni, akawaambia mabinti wazime na simu, akakaa. "Piga tena. Taratibu."

Nimesoma vitabu viwili vya kujifunzia na kutazama masomo kwenye intaneti, na sikupata fundisho lililonifaa kama hilo. Wanafunzi wengi wa siku hizi, naona, wanaharakishwa kuingia kwenye kupiga nyuzi zote tatu kwa vidole, kama gitaa dogo. Si vibaya, ila wanaruka sebule na kwenda moja kwa moja darini. Uzuri wa dalsima kwa anayeanza ni kwamba freti zake zimepangwa kwa ngazi ya do-re-mi peke yake. Ukitia D na nyuzi mbili za A, do yako iko freti ya tatu, na kutoka hapo hadi ya kumi ni ngazi kamili, haina mahali pa kupotelea. Kwa hiyo kazi yote ya mwanzo inabaki kwenye mikono: kijiti kishikwe kidole gumba kikiwa juu, kikandamize nyuma kidogo ya freti, kisinyanyuliwe bali kitelezeshwe, hata mkwaruzo wake uwe sehemu ya wimbo, na mkono wa kulia uwe mwepesi, ukiziacha nyuzi za mvumo zimalize neno lao. Hayo yanataka miezi. Mtu ajipe miezi hiyo.

Nilihamishia mazoezi jikoni ili mume wangu apate usingizi, na huko nikaona jambo. Siku za maharage vigingi havikulegea. Siku za wali vililegea kidogo. Siku tulipokula mabaki yaliyopashwa moto kwenye maikrowevu, vililegea kabisa. Binti mkubwa, ambaye yuko kidato cha kwanza cha huku, alileta kutoka shuleni kwao kipimo cha unyevu kwa ruhusa ya mwalimu wake. Sebuleni, juu ya lile tundu la hewa ya moto, unyevu ulikuwa asilimia 19. Jikoni, sufuria kubwa ya maharage ikiwa imechemka saa mbili, ulikuwa asilimia 44. Hewa ya nje ya Januari ina maji kidogo sana, na ikiingizwa ndani na kupashwa moto huwa na kiu. Inanyonya midomo ya watu na inanyonya mbao. Mti ukinyonywa unasinyaa. Kigingi kinasinyaa ndani ya tundu lake, kinakosa mshiko. Mimi niliitundika dalsima kwenye mdomo wa kiu hiyo kwa mwezi na nusu. Nilipoishusha na kuipitisha chini ya taa nikaona kwenye ubao wa juu, kuanzia ncha ya moyo wa kushoto, ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kidole.

Nililia. Mama mkwe akaniambia maharage yako mengi stoo.

Akapika kila siku kwa siku tisa. Tulikula maharage kwa ugali, kwa wali, kwa ndizi, kwa chapati. Mabinti walilalamika, baba yao aliwaambia wale. Dalsima ililala juu ya kiti cha jikoni kwenye taulo, mbali na moto, ikivuta mvuke. Ufa ulijifunga karibu wote. Hata hivyo nyuki hakuondoka.

Jumamosi ya mwisho ya Januari tukaingia wote kwenye gari kwenda Berea, chini ya saa moja kusini mwa Lexington. Ni mji mdogo wa mafundi wa mbao, wafumaji na wafinyanzi, na huko ndiko Jean Ritchie alikofariki mwaka 2015. Mama mkwe alikaa mbele, dalsima mapajani mwake ndani ya foronya, mikono yote miwili juu yake. Fundi mmoja alitupokea kwenye karakana yenye harufu ya mbao na gundi. Alitazama ufa, akasema tumeuwahi. Angeutia gundi na kuubana, na nyumbani tuuweke unyevu kati ya asilimia 45 na 50 kwa kifaa chenyewe cha kutoa mvuke. Mama mkwe alipotafsiriwa alisema kifaa tunacho.

Kisha fundi akaona kijiti. Alikigeuza chini ya taa yake, akakipima uzito kwa kiganja, akauliza ni mti gani, maana haujui. Nikafungua mdomo, lakini mama mkwe alikuwa amekwisha jibu kwa Kiswahili, akimtazama usoni: "Mninga. Wa Kasulu." Fundi akalirudia neno polepole, mninga, akakirudisha mkononi mwa mama na si mwangu.

Nikamweleza habari ya mkoromo. Hakuchukua chombo chochote. Aliinyanyua dalsima hadi sikioni, akaiinamisha upande mmoja kwa subira kubwa, akaiinamisha upande wa pili, na ndani kitu kikateleza kwa mlio mdogo, kikasimama. Akatuonyesha kwa kidole: ule ubao wa katikati uliobeba freti umechimbwa kwa chini, una mfereji wake, na kitu kikiingia humo hakitoki kwa kutikiswa. Akapitisha waya mwembamba uliokunjwa ncha kupitia kwenye moyo, akavuta, akageuza kinanda kifudifudi juu ya meza.

Likaanguka moja, la njano, limesinyaa. Lilizunguka kidogo juu ya mbao likatulia.

Kitinda mimba alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, kidevu kikiwa ukingoni mwa meza. Alilitazama, akatutazama sisi mmoja mmoja.

"Saba," akasema.